Maji Katika Mafuta ya Breki

Msimu wa kuchuma zeituni ukifika, nyumba ya Tijani huko Ain Safsaf, kijiji cha mlimani, huamka kabla ya jogoo wa jirani. Mama huwasha tanuri la udongo uani na kuoka mikate. Wasila, binti yao wa miaka kumi na miwili, huifunga mikate ya moto katika kitambaa na kumpelekea baba yake pamoja na kibakuli cha mafuta ya zeituni na pilipili ya kusaga. Baba huwa tayari yuko nje, amelala chali chini ya pikapu yake, akiikagua kama daktari anayempima mgonjwa wa kila siku.

Pikapu yenyewe ilikuwa Pijo kuukuu. Asubuhi iliteremka mlima na wanawake wachumaji kuwapeleka mashamba ya bondeni, na jioni iliwarudisha baada ya kushusha magunia kwenye kinu cha kukamulia mafuta. Barabara ilikuwa hiyo moja tu, nyembamba, imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Shangazi Manubia, dada yake baba na kiongozi wa wachumaji, alizoea kusema kwamba kwenye barabara ile gari lisilo na breki ni jeneza lenye magurudumu.

Jumamosi moja, shule zikiwa zimefungwa, baba aliona gurudumu moja la nyuma limelowa mafuta. Alilifungua, akakuta mpira mdogo wa ndani umelika. Alitia mwingine, akafuta mikono, kisha akamwita Anis, kaka yake Wasila, aliyekuwa akisomea ufundi wa magari mjini.

"Mpira nimeshabadilisha," baba alisema. "Lakini nilipofungua, hewa imeingia. Tusipoitoa, ukikanyaga breki pedali itashuka tu kama umekanyaga mto wa kulalia. Wewe kaa ndani ukanyage, mimi nitakaa kwenye gurudumu. Nahitaji mtu wa tatu wa kuangalia kikopo cha mafuta."

"Mimi, Baba!" Wasila alidakia.

Anis akacheka. "Huyu? Juzi alipewa maziwa ayaangalie, yakafurika mpaka yakazima moto."

"Yalifurika kwa sababu wewe uliniita nikutafutie soksi zako!"

"Basi, basi," baba alisema akitabasamu. "Wasila, njoo hapa."

Alimsimamisha mbele ya boneti iliyo wazi na kumwonyesha kikopo cheupe chenye mstari ubavuni. Kila hewa itakapotolewa, alimweleza, mafuta kidogo yatatoka nayo, kwa hiyo kikopo kitapungua. Kazi yake ni kuongeza kabla mafuta hayajashuka chini ya mstari. Kikikauka, kitanyonya hewa upya na kazi yote itakuwa bure.

Kisha akampa chupa ndogo. "Haya ndiyo mafuta ya breki pekee niliyo nayo, na duka la mjini halifunguliwi mpaka Jumatatu. Usitie kitu kingine chochote humu. Mafuta haya na maji ni maadui, hata tone moja halitakiwi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Kazi ikaanza. Baba alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akavalisha kimpira chembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa na kuzamisha ncha ya pili katika chupa ya kioo yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga!" aliita. Anis akakanyaga mara kadhaa. "Shikilia!" Anis akashikilia. Baba akalegeza skrubu kwa spana, mapovu yakatoka katika kimpira yakikimbizana kama shanga, kisha akaikaza tena. "Achia!"

Wasila aliinama juu ya kikopo kama kuku anayelinda mayai. Mafuta yakikaribia mstari, aliongeza taratibu. Walimaliza magurudumu ya nyuma bila kasoro, na baba akahamia mbele. Wasila akaanza kujiona fundi.

Ndipo Imtinani, rafiki yake wa nyumba ya pili, alipochungulia juu ya ukuta. "Wasila! Paka wetu amezaa! Mmoja hana mkia kabisa, njoo uone!"

"Niko kazini."

"Dakika moja tu, nimemleta hapa hapa."

Wasila aliangalia kikopo. Kilikuwa na mafuta ya kutosha. Aliweka chupa kwenye ukingo wa gari, bila kifuniko, akakimbilia ukutani. Mtoto wa paka alikuwa mdogo kama panya, amefumba macho, na kweli hakuwa na mkia. Wasila akamgusa kwa kidole.

"Kanyaga!" baba aliita nyuma yake. Gari likatikisika juu ya jeki.

Akasikia kitu kimedondoka. Aligeuka, akaona chupa imelala kifudifudi ardhini na udongo unakunywa mafuta yote. Alirudi mbio, akaiokota. Ndani yake palibaki kiasi cha kijiko. Katika kikopo mafuta yalikuwa yameshafika kwenye mstari, na yalikuwa yakiendelea kushuka.

"Wasila!" Baba alikuwa upande wa pili wa gari, boneti imemziba. "Mafuta yakoje huko?"

Wasila alimwona Anis ndani ya gari, akakumbuka jinsi alivyocheka. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria.

"Yapo, Baba!"

Karibu na miguu yake palikuwa na birika la maji ya kunawia. Wasila alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamimina maji katika chupa na kuitikisa. Yalichanganyika na mafuta yaliyobaki kana kwamba hakuna kilichotokea. Yalionekana mepesi kidogo tu. Akamimina katika kikopo mpaka juu ya mstari. Kwa kisigino alifukia pale palipolowa.

"Mafuta haya yamekuwa meupe," baba alisema baadaye akitazama kimpira chake.

"Si ndiyo mapya hayo, Baba," Anis alijibu kutoka ndani.

Walipomaliza, mapovu yalikuwa yamekwisha. Baba aliingia garini akakanyaga mwenyewe, na pedali ikagoma katikati. "Ngumu kama ubao!" alisema kwa furaha. Akashuka, akamshika Wasila bega. "Anis, umemwona mwenzio? Hakuacha mafuta yashuke hata mara moja. Leo fundi mkuu ni yeye."

Anis akampigia Wasila saluti ya mzaha. Wasila alijaribu kucheka, masikio yakamwaka moto.

Chakula cha jioni kilikuwa kuskusi ya maboga, chakula anachokipenda kuliko vyote. Baba alimwekea kipande cha nyama kutoka sahani yake, "kwa ajili ya fundi." Wasila akakitafuna na kukitafuna, hakikupita.

Watu wazima walipohamia kwenye chai, alimsogelea Anis.

"Kaka, hivi mafuta ya breki yakiingia maji inakuwaje?"

"Kwenye tambarare hutajua kitu," Anis alisema, akafurahi kuulizwa. "Lakini teremka mlima. Breki za mbele zinapata moto hasa, maji yanachemka, yanakuwa mvuke. Mvuke ni sawa na hewa. Unakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini, na gari linakwenda zake. Mwalimu wetu alituonyesha picha ya lori. Sikupenda kuiangalia mara mbili." Akamkazia macho. "Mbona unauliza?"

"Basi tu."

Baba alikuwa amekaa pale pale, hatua chache, akikoroga chai. Ilihitajika sentensi moja. Wasila aliipanga kichwani: Baba, nilimwaga mafuta. Aliipanga tena kwa namna nyingine. Kisha baba akamwambia mama, "Binti yako leo kanifurahisha," na ile sentensi ikazama. Alijiambia kwamba maji yalikuwa kidogo tu. Alijiambia kwamba Anis hupenda kutia chumvi. Alijiambia atasema asubuhi.

Asubuhi hapakuwa na nafasi, au ndivyo alivyotaka kuamini. Baba alikuwa na wanawake wamemzunguka, kila mmoja na kapu lake. Bi Zazia, jirani mwenye watoto wanne wadogo, alikuwa akiwaagiza wanawe wasimsumbue nyanya yao. Shangazi Manubia alikuwa keshakaa nyuma ya pikapu, akigawa nafasi kama mwenye harusi.

"Wewe fundi!" alimwita Wasila. "Nasikia breki umezitengeneza wewe. Njoo ukae karibu nami, tukianguka tuanguke pamoja!"

Wanawake wakaangua kicheko. Wasila alipanda, akakaa, akajikunja kama mtu mwenye baridi. Anis alikaa mbele na baba. Gari likaondoka.

Mwanzoni barabara ilikuwa tambarare, kando ya kisima cha kijiji. Wanawake wakaanza kuimba. Wasila aliona mbele pale barabara inapopinda na kuanza kushuka, na mikono yake ikapiga paa la gari yenyewe.

"Baba! Simama! Simama!"

Gari likasimama vizuri kabisa. Baba akatoa kichwa dirishani. "Nini?"

Nyuso zote zilimgeukia. Shangazi aliacha kuimba. Imtinani hakuwapo wa kumsingizia, wala hapakuwa na boneti ya kujificha nyuma yake. Wasila alifungua mdomo.

"Na... nasikia kichefuchefu."

"Maskini, njaa hiyo," alisema Bi Zazia. Akamenya chungwa, akampa ganda anuse na kumfunika kwa shali yake mwenyewe. "Vuta pumzi, mwanangu. Itapita."

Hakuna kofi ambalo lingemwuma kama ile shali. Gari likaondoka tena, safari hii likiteremka.

Kona ya kwanza ilipita, na ya pili pia. Wasila akaanza kutumaini. Kisha ikaja harufu, kali, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Baada ya hapo kona zikaanza kuja haraka kuliko kawaida. Kutoka mbele alisikia pedali ikigonga sakafu: tap, tap, tap, na sauti ya baba, nyembamba asivyowahi kuisikia: "Shikeni! Shikeni vizuri nyuma huko!"

"Ya Latifu!" alipiga kelele Shangazi Manubia, akamkumbatia Wasila na kumlaza chini.

Injini ilinguruma baba alipolazimisha gia ndogo. Akavuta breki ya mkono, magurudumu ya nyuma yakalia na mkia wa gari ukayumba kuelekea korongoni, ukarudi. Mbele, upande wa mlima, palikuwa na rundo la kifusi na ua wa mipungate yenye miiba. Baba aliligeuza gari likaingia humo kwa ubavu. Makapu yakaruka. Chuma kikakwaruza jiwe. Kisha kimya.

"Mko hai?" baba aliuliza. "Kila mtu aniitikie!"

Waliitikia mmoja mmoja, wengine kwa kilio. Walikuwa na michubuko na miiba ya mipungate, lakini wote walikuwa hai. Shangazi Manubia pekee alikuwa ameshika kiganja chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, uso umepauka. Mkono ule ndio aliomzungushia Wasila, na ulikuwa umebanwa kwenye ukingo wa chuma.

Baba alikanyaga pedali tena. Ilishuka mpaka chini bila upinzani wowote. Akashuka garini, akamgeukia Anis.

"Hukukaza."

"Baba, skrubu ulikaza wewe. Mimi nilikuwa kwenye pedali..."

"Basi uliachia kabla sijakaza, hewa ikarudi! Mara ngapi nimekwambia usiachie mpaka niseme? Unasoma nini huko chuoni? Ungeua mama za watu!"

"Wallahi sikuachia, Baba."

"Usiape! Usiguse spana yangu tena."

Anis alitazama wanawake walioketi kando ya barabara, nao wakakwepa macho yake. Alikuwa kijana mrefu, mwenye ndevu zilizoanza kuota, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka kama ya mtoto.

Wasila alikuwa bado amevaa shali ya Bi Zazia. Aliivua, akaikunja, akaiweka juu ya jiwe, maana aliona hana haki ya kuivaa. Kisha akasogea mpaka katikati yao.

"Si Anis," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akarudia kwa nguvu mpaka sauti ikamvunjika. "Baba, si Anis! Ni mimi. Nilikwenda kuangalia paka, chupa ikaanguka, mafuta yakamwagika yote. Nikatia maji."

"Maji?" baba alisema polepole.

"Ya birika."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya."

"Na pale juu, uliposimamisha gari?" Aliyeuliza ni Bi Zazia. "Kichefuchefu?"

Wasila alitaka kutikisa kichwa tu, ikawa haitoshi. "Uongo pia. Nilitaka kusema, nikaona aibu."

Upepo ulipita kwenye mipungate. Alingoja baba apige kelele. Alingoja kofi. Baba alivua kofia yake ya sufi, akaishika kwa mikono miwili, akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha akampita, akaenda kwa Anis, akasema mbele ya wanawake wote, "Nimekudhulumu, mwanangu. Nisamehe." Kwa Wasila hakusema neno. Ingekuwa heri angepiga kelele.

Trekta la kijiji liliivuta pikapu mpaka nyumbani. Shangazi Manubia alipelekwa zahanati, akarudi na mkono uliofungwa bandeji nzito: mfupa ulikuwa umepata ufa, na msimu huo asingechuma tena hata zeituni moja. Wasila alijifungia jikoni. Mchana baba alimwita.

"Vaa viatu," alisema. "Unakwenda kwa kila mwanamke aliyekuwa garini. Unamweleza ulichofanya, kwa mdomo wako, wala usipunguze kitu."

"Wote walinisikia, Baba."

"Walikusikia ukiwa umebanwa. Nenda ukiwa umeamua mwenyewe. Mimi nitasimama nje ya mlango."

Akaenda. Mlango wa kwanza, mwanamke alimsikiliza, akasema "Mungu akusamehe," akaendelea kufua. Mwingine alimkaripia mpaka majirani wakatoka kutazama. Mmoja alilia, akamkumbatia, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Kwa Shangazi Manubia, Wasila aliinama akabusu bandeji.

"Mfupa utaunga," shangazi alisema. "Mimi nilikukumbatia nikidhani nakulinda na kitu usichokijua. Kumbe wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukijua. Hilo ndilo linaloniuma, si mkono."

Bi Zazia alifungua mlango nusu, mtoto wake mdogo kiunoni. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Nina hawa wanne," alisema. "Mimi gari lenu sipandi." Akafunga mlango. Hakuupiga, aliufunga tu.

Jumatatu baba alirudi kutoka mjini na mafuta mapya ya breki, kiasi cha kusafisha mfumo wote. Aliinua gari kwa jeki. Anis aliingia kwenye pedali. Wasila alisimama mbali, mgongo ukutani.

"Unangoja nini?" baba alisema. "Njoo kwenye kikopo chako."

"Mimi?" Wasila hakuamini. "Baba, mpe Mama."

"Mama ana kazi zake. Hii ni yako, na haijaisha."

Waliyatoa mafuta yale yenye maji mpaka kimpira kikapitisha mapya matupu, kisha wakaanza kutoa hewa, gurudumu la mbali kwanza. Kanyaga. Shikilia. Achia. Safari hii Wasila hakutazama kitu kingine. Walikuwa karibu kumaliza gurudumu la mwisho, jua linazama, vidole vya baba vimekufa ganzi kwa baridi, wakati inzi alipomwingia Wasila jichoni. Alifikicha, na alipofungua jicho mafuta yalikuwa chini ya mstari. Kikopo hakikuwa kikavu. Lakini je, kwa muda ule mfupi hewa haikuingia? Hakuwa na hakika. Angeweza kuongeza tu. Hakuna ambaye angejua.

"Baba, simama," alisema. "Yameshuka chini ya mstari. Nilifikicha jicho. Sijui kama hewa imeingia."

Kutoka garini Anis aliguna kwa uchovu. Baba alinyanyuka, akaja akatazama kikopo, kisha akamtazama binti yake, kwa mara ya kwanza tangu jana, machoni.

"Ongeza," alisema. "Tunaanza upya magurudumu yote."

"Umekasirika?"

"Nimechoka. Kuchoka na kukasirika ni vitu viwili." Alichuchumaa mbele yake. "Sikiliza, Wasila. Chupa kuanguka ni kosa la mkono, na kila mkono hukosea. Ungesema pale pale, ningegomba, gari lingelala nyumbani siku mbili, na leo tungekuwa tumesahau. Ulichoficha hakikukaa pale ulipokifukia. Kilisafiri mpaka kwenye mkono wa shangazi yako na jina la kaka yako. Aibu ya kusema ukweli huuma mara moja. Ya kuficha ndiyo hukua."

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Anis! Kanyaga!"

Kesho yake baba aliteremka mlima peke yake mpaka bondeni na kurudi, akarudia tena, akishika breki kwenye kila kona. Pedali haikulegea. Ndipo akawaita wachumaji. Walipanda, wengine wakisoma dua chini kwa chini. Wasila alipanda mwisho, kwenda kujaza nafasi ya shangazi yake shambani.

Baada ya kona ya kwanza walimkuta Bi Zazia. Alikuwa akitembea kwa miguu ukingoni mwa barabara, kapu kichwani, vumbi mpaka magotini. Lazima alitoka nyumbani gizani. Baba akapunguza mwendo, akasimama kando yake.

"Panda, Bi Zazia. Nimelijaribu mara mbili."

"Breki naamini zimepona, Tijani," alisema bila kugeuka. "Nendeni. Mimi natembea."

Baba alingoja kidogo, akaingiza gia. Wasila alitazama ule mgongo ulioinama chini ya kapu. Akaruka chini kabla gari halijaondoka.

"Nendeni," alimwambia baba. "Nitakuja na Bi Zazia."

Baba alimtazama katika kioo, akaitikia kwa kichwa, na pikapu ikaondoka. Wakabaki wawili na barabara. Walitembea kona nzima. Mawe yalikuwa yakimchoma Wasila kupitia soli nyembamba.

"Usidhani nakuchukia," Bi Zazia alisema hatimaye. "Ungevunja sahani yangu ukanificha, ningenunua nyingine. Lakini nilikupa ganda la chungwa, nikakufunika, nawe ukaninyamazia huku tukishuka. Breki zimetolewa hewa kwa jioni moja. Mtu akikosa kuaminiwa, hakuna spana ya kulirekebisha hilo. Linarekebishwa hivi hivi, kwa siku nyingi, kwa kusema kweli hata pale ambapo hakuna anayekuuliza."

"Nimeelewa, Bi Zazia."

"Utaelewa ukishachoka miguu."

Wakaendelea kushuka. Mbele yao bonde lilikuwa limejaa mizeituni, na mbali chini wachumaji walikuwa wameanza kutandika turubai. Bi Zazia aliteremsha kapu kichwani, akalipumzisha kwenye nyonga, kisha akamsogezea Wasila mshikio mmoja.

"Shika upande huu," alisema. "Ni zito."

Wasila akashika.